Inkubeta Ambayo Sista Hakuiomba

Mwalimu alikuja karakana kwangu na bahasha ya kaki mkononi na picha ya inkubeta kwenye simu. Ndani ya bahasha mlikuwa na orodha ya waliochanga, jina kwa jina, waliotoa taslimu upande mmoja na wenye ahadi upande wa pili, imepigwa mistari kwa rula kama rejista ya darasa. Taslimu ilifika shilingi 6,480,000. Picha ilikuwa ya mashine nyeupe yenye magurudumu manne, kioo kinang'aa.

"Fundi," akasema, "niambie hii inafaa au haifai. Nikishanunua ndiyo nimenunua."

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Jina la hospitali nimeliacha, na la familia pia. Mwalimu mwenyewe ameniruhusu kusimulia kwa masharti hayo. Naandika kwa sababu vitu vya michango ya wazazi na wafadhili hupita mikononi mwangu, na vingi mwisho wake ni stoo. Mchango huu nao ulikuwa njiani kwenda huko huko.

Binti yao alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,240. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo anaitwa njiti, na ukimwona unaelewa jina limetoka wapi. Alikaa wodini siku 44. Siku za mwanzo alipumua kwa sipapu, ile mashine inayosukuma hewa puani kwa mfululizo ili vifuko vya mapafu visinywee kila anapotoa pumzi. Mpira wa upande wa pili unazamishwa kwenye chupa ya maji, na kina chake ndicho presha yenyewe: ukizamisha sentimita 5, mtoto anapata presha ya 5. Hewa ikitoka inabubujika. Mama mtoto aliniambia alijifunza kusinzia kwa mlio ule, kwenye kiti cha plastiki, kichwa ukutani. Mlio ukikatika, macho yanafunguka yenyewe kabla hata ya muuguzi kugeuka. Mara mbili ulikatika. Mara ya kwanza mpira ulikuwa umejikunja, mara ya pili ulikuwa umeme.

Chombo kile ni rahisi kuliko kinavyoonekana, na kinafanya kazi. Huko Blantyre, Malawi, walilinganisha watoto wenye shida ya kupumua waliowekewa sipapu ya mapovu, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, na wale waliopewa oksijeni peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopona kwa sipapu walikuwa asilimia 71, kwa oksijeni peke yake asilimia 44. Namwambia kila mfadhili habari hii. Wengi huitikia kwa kichwa kisha wanauliza bei ya inkubeta.

Mwalimu naye alikuwa na sababu yake. Binti alipotolewa kwenye sipapu aliwekwa inkubeta pamoja na mtoto mwingine, wa kiume, kwa kuwa inayofanya kazi ilikuwa moja. Siku ya tatu yule wa kiume alifariki. Mwalimu aliingia asubuhi akamkuta binti yake amelala peke yake upande wa kulia, upande wa kushoto kumewekwa shuka safi. Hakuambiwa kilichomuua mwenzake, na haikuwa haki yake kuambiwa. Akajipa jibu mwenyewe: inkubeta ingekuwepo ya pili, yule mtoto angeishi.

Siku ya kuruhusiwa aliwaahidi wauguzi kwamba atarudi na mashine.

Kamati ilikuwa ya watu wanne: yeye, mkewe, mwalimu mwenzake akiwa mweka hazina, na katibu wa kikoba cha mkewe. Wakafungua kundi la WhatsApp, wakachapisha kadi. Aliyewahi kuchangisha harusi anajua jinsi pesa inavyokuja: watu wanatoa kwa kuwa watakula, watacheza, na kesho watachangiwa wao. Wodi ya watoto njiti haina pilau. Miezi miwili ya kwanza walipata laki tisa, nyingi za walimu wa shule ile ile. Pesa ilianza kuja kanisani, kwaya ilipotoa sadaka ya Jumapili moja nzima, ikaongezeka walipoingia akina mama waliowahi kulala wodi ile. Hao walitoa elfu tano, elfu mbili, na ndio waliotoa bila kukumbushwa. Juu ya taslimu kulikuwa na ahadi moja kubwa, ya mfanyabiashara wa mbao: milioni 5, mradi mashine iandikwe jina la kampuni yake na apigwe picha akiikabidhi. Inkubeta ya kwenye simu ilikuwa milioni 11. Hesabu ilitosha, ikabaki kidogo ya usafiri.

Kabla sijafika kwenye mashine, kuna makosa mawili ya njiani ambayo nimeyaona kwa wengine pia. La kwanza ni picha. Bango lao lilikuwa na picha ya binti yao akiwa na mirija puani, sawa, mtoto ni wao. Ila nyuma yake alionekana mtoto wa mtu mwingine, uchi, kibandiko cha jina la mama kinasomeka. Mama huyo aliliona bango stendi. Waliliondoa siku hiyo hiyo na kwenda kumwomba radhi nyumbani. La pili halikutimia: katibu alitaka sanduku la mchango liwekwe mlangoni mwa wodi. Sista msimamizi alikataa hata kabla hajamaliza sentensi. "Mama ambaye mtoto wake yuko mikononi mwangu," alisema, "atawezaje kupita hapo asitoe?" Hakuna kanuni niliyosoma inayolisema jambo hilo vizuri hivyo. Aliyeko wodini hachangishwi. Akitoka, akakaa kwake, akapata nafasi ya kukataa, hapo mwombe.

Sasa karakana. Nilimwomba Mwalimu anifuate stoo. Zilikuwepo inkubeta tatu, zimefunikwa shuka za kijani. Ya kwanza ilitoka ng'ambo kama msaada, kibao cha nyuma kimeandikwa volti 110; sisi tunatumia 230. Mtu aliichomeka siku ilipofika, akasikia mlio mmoja. Ya pili ilikuwa nzima ila haina kihisio cha ngozi, ule waya unaobandikwa tumboni ili mashine ijue mtoto ana joto gani. Kampuni iliyoitengeneza iliacha kuvitengeneza. Ya tatu feni ilikuwa imekufa na kichujio cha hewa kimeziba kwa vumbi.

"Zote hizi kuna mtu alizipigia picha," nikamwambia.

Alizunguka ile ya kwanza, akasoma kibao, akagusa kioo. Kisha akauliza swali la kialimu: ngapi kati ya hizi zimewahi kufanya kazi? Mbili. Hali hiyo wala si ya kwetu peke yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipokusanya hesabu za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 maskini, mwaka 2011, walikuta asilimia 38 havifanyi kazi. Sababu tunazijua sisi tunaozifungua: umeme unaopanda na kushuka, vipuri visivyopatikana, kitabu cha maelekezo kilichobaki ofisini kwa aliyetoa, na mtu aliyefundishwa kuitumia kuhamishwa wilaya nyingine. Ile ya kwenye simu yake ilikuwa imetumika, haina kitabu, na muuzaji alipoulizwa kuhusu usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, alianza kueleza habari za bandari.

Nikamuuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, kabla ya kadi kuchapishwa. Sista ameomba nini?

Hakuna aliyemuuliza. Na haikuwa kwa dharau. Walimheshimu mno wakaona ni vibaya kumsumbua, wakataka wamshangaze.

Tulikwenda wote wawili. Sista alitoa karatasi kutoka kwenye droo, imekunjwa mara nne, nyuma ya fomu ya dawa. Inaelekea ilikuwa humo siku nyingi. Inkubeta haikuwepo. Kulikuwa na kifaa cha kugawa oksijeni, kile chenye matundu matano, ili mashine moja ya kuzalisha oksijeni ihudumie watoto watano, kila mmoja na kiasi chake. Vipimajoto vinavyosoma joto la chini. Kile cha kioo kilichozoeleka huanzia nyuzi 35, kwa hiyo mtoto wa 33 na mtoto wa 34 wote wanaandikwa "chini" na hakuna anayejua nani anaelekea wapi. Vipimo vya oksijeni mwilini vyenye probu za watoto wachanga, ule waya wenye kihisio unaoshikizwa mguuni, maana walikuwa wanatumia ya kidole cha mtu mzima, wameizungushia plasta kwenye unyayo. Stabilaiza, ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Mirija ya kulishia. Na viti.

"Viti?" Mwalimu aliuliza.

Viti vya kuegemea, vya mama kumbeba mtoto kifuani.

Hapa walishindana kidogo, na sitamwonea Mwalimu kwa kusema alikosea tu. Alisema: mnatuambia tubebe watoto vifuani kwa sababu hamna mashine. Hiyo ni dawa ya maskini. Na kweli, huduma ya kangaruu ilianzia kwenye upungufu. Mwaka 1978, Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey aliona watoto wanalazwa wawili na watatu kwenye inkubeta moja wanaambukizana, akawaweka kwenye ngozi za mama zao. Lakini imesonga mbali na ilikoanzia. Utafiti uliohusisha hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwetu ukafanyika Muhimbili, ulichapishwa mwaka 2021. Watoto wa kati ya kilo 1 na pungufu kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kutulia, walikufa pungufu kwa robo ukilinganisha na walioanzia kwenye inkubeta au kitanda cha joto. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilishaonekana. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Sista hakutaja utafiti wowote. Alimwonyesha Mwalimu mama mmoja pale dirishani, aliyejifungua kwa upasuaji siku nne zilizopita, ameketi wima kwenye kiti cha plastiki, mtoto kifuani chini ya kitenge, mkono mmoja umeshika mtoto na wa pili umeshika ukingo wa kitanda ili asiteleze. "Huyu nimemwambia akae hivyo saa ishirini kwa siku," alisema. "Wewe ungekaa?"

La vipimo vya oksijeni lilikuwa rahisi zaidi kueleza. Watu wanadhani oksijeni haizidi, kama maji ya baraka. Kwa mtoto njiti inazidi, na ikizidi inaharibu mishipa ya macho ambayo bado inakua. Katika miaka ya 1940 na 1950 huko Marekani na Ulaya watoto maelfu walipofuka hivyo kwenye inkubeta nzuri kabisa. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950, ni mmoja wao. Kwa hiyo unatoa oksijeni huku ukiangalia namba, usivuke asilimia 95. Bila probu inayokaa vizuri, namba unayoiangalia ni ya kubahatisha.

Mwalimu alielewa. Tatizo likawa jingine, nalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki: pesa iliombwa kwa jina la inkubeta. Kadi zilisema inkubeta. Kwaya iliombea inkubeta. Mweka hazina alishauri wanunue vya Sista kimya kimya, nani atauliza? Mwalimu alikataa, na alifanya vizuri. Kuchukua pesa ya mtu kwa neno moja ukainunulia kingine bila kumwambia ni kumwibia, hata kama ulichonunua ni bora.

Waliitisha mkutano Jumamosi, kwenye darasa la Kidato cha Pili. Walikuja kama thelathini. Mfanyabiashara alikuja na dereva wake. Mwalimu alieleza, Sista akasoma karatasi yake, mimi nikaeleza stoo. Ukawa ubishi. Mzee mmoja wa kanisa alisema viti vinaweza kuchongwa hata na wafungwa, pesa ya watoto isiende kwa seremala. Mwingine alihisi hospitali imewageuza. Mfanyabiashara aliuliza jina lake litaandikwa wapi kwenye probu.

Mama wa yule mtoto wa kiume alikuwepo, amekaa nyuma na dada yake. Wengi hawakumjua. Alikuwa ametoa 10,000. Alisimama akaongea taratibu mpaka watu wa mbele wakageuza viti. Alijifungulia zahanati, mwezi Juni, usiku. Gari halikuwepo. Walimfunga mtoto kwenye kanga ile ile aliyojifungulia, mbichi, wakaja kwa bodaboda mwendo wa saa nzima na zaidi. Walipofika kipimajoto hakikusoma.

"Mwanangu alikuwa baridi kabla hajaijua hiyo inkubeta," alisema. Akaketi.

Mimi si daktari, siwezi kusema kilichomuua. Ninachojua ni kwamba Mwalimu alikaa muda mrefu akiangalia meza. Mwaka mzima alikuwa amemjengea mtoto yule mashine, na mama yake hakuwahi kuulizwa.

Uamuzi ulipatikana kwa masharti mawili. Kila aliyechanga apigiwe simu au atumiwe ujumbe, na anayetaka pesa yake arudishiwe. Na moja ya inkubeta za stoo itengenezwe, kwa sababu mama aliyezimia, au aliyefariki, hana kifua cha kumbebea mtoto. Mashine ina kazi yake. Kazi ya simu ilimchukua mweka hazina wiki tatu. Watu watatu walidai, jumla 150,000, wakalipwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Mfanyabiashara aliondoa ahadi yake bila ugomvi. Stabilaiza haipigiki picha.

Ile inkubeta ya feni ndiyo tuliyoifufua. Feni, kichujio na usafi wa tangi la maji, ambalo lisipokaushwa linafuga vijidudu kuliko choo, vilitugharimu 620,000. Vifaa vya kugawa oksijeni viwili, vipimo viwili vya mkononi pamoja na probu nne za akiba, stabilaiza mbili, vipimajoto kumi, viti sita. Mirija Sista alisema atapigania mwenyewe kwenye bajeti, maana tukizoea kununua mirija hatutaacha. Sera inasema matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure, na hiyo ni hoja nzuri ya kuikumbusha ofisi kwa maandishi, ingawa saa nane usiku sera haizalishi mrija. Kila kitu kilipita kwa mganga mfawidhi, kikapokelewa na kamati ya mapokezi, kikaandikwa kwenye leja na kupigwa namba. Mwalimu alilalamika kwamba ni urasimu. Nilimwambia kisicho na namba mimi siruhusiwi kukitengeneza, na kesho kinaweza kuonekana dispensari ya mtu. Zilibaki 860,000.

Viti vilitutia aibu. Seremala alivifunga kitambaa cha sofa, cha maua, vizuri sana. Mtu wa kudhibiti maambukizi alivitoa nje siku ya kwanza: kitambaa hakifutiki kwa klorini, maziwa na damu vinaingia ndani ya godoro. Vikarudi vikafungwa leza, ile ngozi ya bandia inayofutika, 180,000 nyingine. Kosa hilo ni langu. Mimi ndiye niliyempa seremala vipimo, nikakumbuka mwinamo wa mgongo na kimo cha mikono, nikasahau ngozi.

Watu wananiuliza kama wazazi wafanye kabisa kazi hii, au wanaibebea serikali mzigo wake. Sina jibu la jumla. Naona tofauti kati ya kununua na kubaki. Kununua kulimaliza miezi minane ya mchango katika wiki moja. Kubaki ndiko kunakochosha, na bado hatujui kama wataweza. Mwezi wa nne waya wa probu mmoja ulibanwa na reli ya kitanda ukakatika. Mwezi wa sita nyingine haikuonekana baada ya zamu ya usiku; wauguzi walihojiana, haikupatikana. Kundi la WhatsApp halikufungwa. Liligawanywa mawili kwa ombi la yule mama wa nyuma, moja la picha na siku za kuzaliwa, jingine la mfuko tu, ili aliyefiwa achange bila kulazimika kuona watoto wa wenzake wanavyokata keki. Mfuko ni 3,000 kwa mwezi kwa anayeweza. Walianza 31, sasa wanaotoa ni 14.

Inkubeta inafanya kazi. Kichujio nakibadilisha kila baada ya miezi mitatu na naandika tarehe kwenye kadi iliyofungwa ubavuni. Viti sita havina nafasi mchana. Sista anataka viwili zaidi, na safari hii ameweka karatasi juu ya meza. Salio nilipoonyeshwa mara ya mwisho lilikuwa 412,000, na probu za akiba zimebaki mbili.